Msigeuze Miujiza Yetu Kuwa Bajeti: Barua ya Wazi kwa Wamiliki wa Kanda ya Kati

Waheshimiwa wamiliki wa klabu za besiboli za Cleveland, Detroit, Kansas City, Minnesota na ile White Sox ya Chicago,

Niko viunga vya kaskazini mwa Minneapolis. Ni wiki ya kwanza ya Januari 2026, theluji imefunika ngazi za mlangoni na koleo langu limevunjika mpini. Naandika kwa Kiswahili, na si kwa bahati mbaya. Klabu zenu zinaajiri wakalimani wa Kihispania na Kijapani ili mchezaji aliyegharimu mamilioni aelewane na kocha wake. Mkalimani mmoja wa Kiswahili, tena wa saa mbili tu, hatawafilisi.

Mimi ni mtu wa Tanga, mtoto wa Mkwakwani. Nimekulia kwenye Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, na tangu hapo tunaishi kwa kusimuliana. Nilipohamia Minnesota nikakuta klabu iliyotwaa ubingwa mwaka 1987, ikarudia 1991, na tangu hapo nayo inaishi kwa kusimuliana. Uchungu wake sikuhitaji kufundishwa. Zilibaki sheria za mchezo tu, na hizo nilifundishwa na mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia zamu za usiku, redio ikiwa kifuani pake, macho ameyafumba, akinieleza kila mlio wa rungu umemaanisha nini.

Huyu mzee ana ada yake. Kila Januari huchukua bahasha iliyokwisha kutumika, akaandika mgongoni majina ya klabu zenu tano, na mbele ya kila jina idadi ya mechi ambazo itashinda kati ya 162. Bahasha hubanwa kwenye friji kwa sumaku, ikakaa hapo hadi Septemba ije imuumbue. Siku hizi simhudumii tena kwa mshahara, namtembelea tu, na bahasha tunaiandika wawili. Barua hii imetokana na bahasha hiyo.

Mashabiki wa Simba na Yanga wanaijua raha ya usajili: mchezaji hajagusa mpira, tayari watu wamejaa uwanja wa ndege kumpokea. Huku nako ni hivyo hivyo, isipokuwa soko halina siku maalumu ya kufungwa. Fainali ikiisha, mwenye mkataba uliokwisha yuko huru, na kuanzia hapo hadi wachezaji wanapoingia kambini Florida na Arizona mwezi Februari, sisi tuliofungiwa ndani na baridi hatuna mchezo mwingine ila majina na namba. Ndiyo maana nasema: mnapokaa kimya msimu wa baridi, mnatunyima nusu ya mwaka.

Niruhusuni nianze na nyumbani, yaani Minnesota.

Desemba 2022, Carlos Correa, mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu, alikubaliana na San Francisco: miaka 13, dola milioni 350. Asubuhi ya kutambulishwa kwake, mkutano na waandishi ukaahirishwa. Madaktari walikuwa wameutilia shaka mguu wa kulia aliouvunja mwaka 2014 akiwa bado ligi za chini. Kabla hata watu hawajamaliza kushangaa, New York Mets wakamdaka kwa miaka 12, milioni 315. Madaktari wao nao wakaona kile kile. Wiki zikapita. Sisi tulikuwa tumeshamsahau. Januari 10, 2023, ikatangazwa kwamba amerudi kwetu: miaka 6, milioni 200. Mzee alicheka hadi nikamletea maji. "Hao madaktari wa New York," akasema, "watutumie bili. Wametufanyia kazi."

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu ya kilichotokea Oktoba. Twins, klabu yetu ya Minnesota, hawakuwa wameshinda mechi ya mtoano tangu Oktoba 2004. Walikuwa wamepoteza 18 mfululizo. Oktoba 3, 2023, wakaifunga Toronto na nuksi ikakatika. Kesho yake nilikuwa uwanjani kwetu Target Field, juu kabisa, kiti ambacho ukiinama unaona kisogo cha ndege. Raundi ya tano, tunaongoza kwa mbili, Toronto wana watu kituo cha pili na cha tatu, na mpigaji wao hatari, Bo Bichette, yuko mbele ya mrushaji wetu Sonny Gray. Correa alikuwa ametambua kitu tangu siku iliyotangulia: kelele zetu zilikuwa kubwa kiasi kwamba mkimbiaji aliyesimama kituo cha pili hawezi kumsikia kocha wake akimpigia ukelele wa tahadhari. Akamnong'oneza Gray. Gray akageuka ghafla, akarusha kituo cha pili badala ya kumrushia mpigaji, na Vladimir Guerrero Mdogo akanaswa ametoka nje ya kituo kama mtoto aliyekutwa jikoni na sukari mdomoni. Raundi ikaishia hapo. Tukashinda 2 kwa 0, tukavuka.

Sikilizeni vizuri, waheshimiwa. Yule mtu alitolewa na kelele. Kelele zetu, za watu walionunua tiketi. Sauti ilinikauka siku mbili, kazini nikawa naongea na wagonjwa kwa ishara.

Wiki chache baadaye wamiliki wetu wakasema bajeti ya mishahara itashushwa. Gray, aliyekuwa wa pili katika kura za mrushaji bora wa ligi mwaka huo, akaenda St. Louis kwa miaka 3 na milioni 75. Mrushaji tuliyeletewa, Anthony DeSclafani, aliumia mkono kabla msimu haujaanza na hakuturushia mpira hata mmoja. Hata hivyo, kufikia Agosti 17, 2024, klabu ilikuwa imeshinda 70 na kupoteza 53, na mtu yeyote mwenye jicho aliona kwamba warushaji wameanza kuchoka. Dirisha la kubadilishana wachezaji mwezi Julai lilikuwa limefungwa tukiwa tumeongezewa mrushaji mmoja wa akiba. Kuanzia siku hiyo ya Agosti Twins walishinda 12, wakapoteza 27. Mwaka uliofuata, mwisho wa Julai, wachezaji kumi wa kikosi cha kwanza waliondolewa ndani ya siku chache. Correa alirudishwa Houston, na juu yake klabu yetu ikakubali kulipa milioni 33 za mshahara wake. Ule mguu ulioogopwa na madaktari wa miji miwili, mkataba wake haukufika hata nusu.

Desemba hii familia inayomiliki Twins imebadilishana kiti cha uenyekiti. Kila la heri. Mpigaji mmoja, Josh Bell, ameletwa. Mzee aliposikia aliuliza, "Na nani?" Nikamwambia, ndiye huyo.

Sasa nisionekane nina ugomvi na jirani zangu tu. Natoka Minnesota, naenda Kansas City, kwa sababu huko ndiko ushahidi wangu ulipo.

Mwaka 2023 Royals walipoteza mechi 106. Klabu ikifika hapo, wenye klabu huwa na hotuba moja: subirini vijana wakue. Kansas City mkafanya kinyume. Katika majira yale ya baridi mlitoa zaidi ya milioni 100 kwa wachezaji huru, na hakuna hata mmoja aliyekuwa nyota wa mabango. Seth Lugo, mrushaji aliyekuwa amekaa miaka mingi benchi la akiba New York, mkampa milioni 45 kwa miaka 3. Michael Wacha, milioni 32 kwa miaka 2. Wengi wa waliobaki ni watu wa milioni nne, tano, sita kwa mwaka. Kisha Februari mkamfunga kijana wenu Bobby Witt Mdogo kwa miaka 11 na zaidi ya milioni 288. Wapo waliosema mlifungua pochi kwa sababu Aprili 2024 wakazi wa Jackson County, wilaya yenu, walikuwa wanaipigia kura kodi ya mauzo ya kujengea uwanja mpya. Huenda. Kura ikapigwa, wakakataa, na Lugo akaendelea kurusha.

Bahasha ya mwaka ule ninayo. Mbele ya Kansas City mzee ameandika 71, mimi nimeandika 62. Walishinda 86. Lugo alishinda 16 peke yake na akawa wa pili katika kura za mrushaji bora. Witt akawa mpigaji mwenye wastani mkubwa kuliko wote wa ligi, .332. Wakaingia mtoano, wakaitoa Baltimore, wakatolewa na Yankees. Kutoka ushindi 56 hadi 86 kwa majira mamoja ya baridi! Mzee aliiangalia ile 62 yangu akasema mimi natabiri kama mtu anayelipwa na wamiliki.

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu lina ukweli. Utabiri wa mapema mnaupenda ninyi kuliko sisi. Ukisema klabu itashinda 62, unampa mwenye klabu ruhusa ya kutonunua. Na ukisema katika kanda hii lolote linaweza kutokea, unampa ruhusa ile ile kwa maneno matamu zaidi.

Hapa ndipo penye kidonda. Kanda yenu imetupa miujiza miwili kwa miaka miwili. Agosti 2024 Detroit walikuwa wameshinda 55 na kupoteza 63, na mashine za kukokotoa uwezekano zikawapa asilimia 0.2 ya kuingia mtoano. Walikuwa wameshamuuza mrushaji wao Jack Flaherty kwa Dodgers mwisho wa Julai. Kocha A.J. Hinch akabaki na Tarik Skubal na kundi la vijana waliokuwa wakipokezana raundi mbili mbili kama watu wanaopokezana kubeba jeneza. Wakashinda 31 kati ya mechi 44 za mwisho, wakaingia, wakaitoa Houston. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Cleveland: Julai walikuwa nyuma ya Detroit kwa mechi 15 na nusu, wakamwacha mrushaji Shane Bieber aende Toronto, na Septemba wakawapita Detroit na kutwaa kanda. Hakuna klabu iliyowahi kutwaa kanda ikitokea mbali namna hiyo.

Usiku ule wa Septemba nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, na si hata klabu yangu. Miujiza ni yetu. Tumeilipia kwa kukaa macho. Lakini naona mmeichukua mkaiingiza kwenye vitabu vya hesabu. Detroit waliuza mrushaji wakaingia mtoano. Cleveland waliuza mrushaji wakatwaa kanda. Kwa hiyo, mnaambizana, kuna haja gani ya kununua? Tuuze, tusubiri Septemba, huenda Mungu akashusha tena.

Tazameni basi waliouzwa walikwenda wapi. Flaherty alianza mechi mbili za fainali ya 2024 akiwa na Dodgers, na kombe akalinyanyua. Bieber alikuwa akiwarushia Toronto katika mechi ya saba ya fainali ya 2025, raundi ya 11, alipopigwa mpira uliovuka uzio. Alipoteza, ndiyo. Alipotezea kwenye fainali. Mwenzake Andrés Giménez, naye mliyemtoa Cleveland majira ya baridi yaliyotangulia, alikuwa uwanjani naye. Cleveland hamjaliona kombe tangu 1948, mwaka ambao baba yangu alikuwa hajazaliwa, na mlikuwa na watu wenu kwenye fainali wakiwa na jezi ya wengine. Kati ya ninyi watano, wa mwisho kutwaa ubingwa ni Kansas City mwaka 2015.

Najua mtanijibu Los Angeles. Mtasema Dodgers wamempa Shohei Ohtani milioni 700, Mets wamempa Juan Soto milioni 765, nasi tufanyeje? Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mngekuwa mnacheza kanda moja nao. Mwaka 2025 Cleveland waliitwaa kanda yenu kwa ushindi 88. Katika Kanda ya Mashariki ya ligi hiyo hiyo, Toronto na Yankees walishinda 94 kila mmoja na bado ikabidi kanuni iamue nani yuko juu. Mlango wenu wa kuingilia mtoano ndio wa bei nafuu kuliko yote, na bado mnapigana vikumbo nani abaki nje.

Chicago, kwenu nitapita haraka, maana kumcheka aliyeanguka si uungwana. Mlipoteza 121 mwaka 2024, rekodi ya zama hizi, mkapoteza 102 mwaka 2025. Mkataba mkubwa kuliko yote mliyowahi kutoa ni milioni 75 za Andrew Benintendi. Desemba hii mmemchukua Munetaka Murakami kutoka Japani, kijana aliyewahi kupiga mipira 56 kuvuka uzio katika msimu mmoja kule kwao, kwa milioni 34 na miaka 2. Hilo nawapongeza kwa moyo mmoja. Ni jambo jema kuliko yote yaliyofanywa katika kanda hadi sasa. Mna shabiki Vatikani, Papa Leo wa 14, msimtwike yeye kazi yote.

Na Detroit. Januari 2012 Victor Martinez aliumia goti akifanya mazoezi, msimu mzima ukapotea. Mzee Mike Ilitch, mwenye biashara ya piza, hakusubiri muujiza. Siku chache tu zikapita akamsajili Prince Fielder kwa miaka 9 na milioni 214. Mwaka ule walifika fainali, wakafungwa zote nne. Ilitch alifariki Februari 2017 bila kulipata kombe la besiboli akiwa mmiliki, na Fielder mwenyewe alikaa miaka miwili tu. Ukitaka kuuita usajili ule kosa, hesabu zitakuunga mkono. Lakini mtu wa Detroit ukimtajia jina la mzee yule, anavua kofia. Mwanawe ndiye mwenye klabu sasa. Ana Skubal, mrushaji bora wa ligi miaka miwili mfululizo, na mkataba wake unaisha mwisho wa msimu wa 2026. Gleyber Torres amebaki kwa mwaka mmoja na milioni 22, na Kenley Jansen amekuja kumalizia mechi akiwa na miaka 38. Si haba, ila ni matengenezo ya paa huku mwenye nyumba akifungasha. Skubal alipwe, au basi msimu huu mmoja mliobaki naye mzungushieni watu.

Sidai kwamba kila anayenunuliwa anafaa. Detroit hiyo hiyo ilimlipa Alex Cobb milioni 15 kwa mwaka 2025 na hakurusha mpira hata mmoja kwenye ligi kuu. Hasara ya namna hiyo ipo. Mimi nimenunua koleo la theluji mara tatu tangu Novemba.

Jambo la mwisho ni la sheria. Mkataba wenu na chama cha wachezaji unaisha Desemba 1, 2026, na tayari yanasikika maneno ya kuweka ukomo wa juu wa mishahara. Besiboli leo haina ukomo wa juu, na haina kima cha chini ambacho klabu inalazimika kukitumia. Sisi watu wa zamu tunakijua kima cha chini. Mtakapoketi mezani kuomba ukomo wa juu, Minnesota nawaomba muwe wa kwanza kunyanyua mkono kuomba na kima cha chini, kwa kila klabu, kila mwaka. Fedha za mgawo wa ligi mnazipokea. Zionekane zimevaa jezi.

Sasa bahasha. Mzee amegundua jambo ambalo hakuna mtabiri niliyemsikia akilisema. Jumlisha ushindi wa klabu zenu tano mwaka 2024: 92, 86, 86, 82, 41. Ni 387. Jumlisha mwaka 2025: 88, 87, 82, 70, 60. Ni 387. Kwake hiyo imekuwa sheria, na mwaka huu amekataa kuandika chochote kisichofika hapo.

Tulikaa juzi jioni, redio imezimwa kwa kuwa haina la kusema. Detroit tukawapa 89, maana Skubal yupo. Kansas City 84. Mmewafunga Salvador Perez na Maikel Garcia kwa mikataba mipya, mnajua kutunza vyenu. Cleveland 81, na hapo tulibishana, kwa sababu kila anayewaandikia Cleveland namba ndogo huishia kuila bahasha. Hamjaleta mtu wa kutikisa jani, ila mnaye José Ramírez na mnaye kocha Stephen Vogt. Chicago 65, tano zikiwa za Murakami.

Jumla 319. Mzee akatoa kwenye 387 kwa kidole hewani, midomo ikitikisika. Zilizobaki kwa Minnesota ni 68, mbili pungufu ya mwaka jana.

"Hapana," akasema. "Punguza za Cleveland."

Nikamwambia Cleveland hawapunguziki. Akaniomba penseli, akaishika juu ya jina la Detroit, akaiondoa, akaipeleka kwa Kansas City, akaiondoa. Mwishowe akanirudishia bahasha nafasi ya Minnesota ikiwa tupu, akasema tungoje hadi Februari tuone kama mtaleta mtu. Ipo kwenye friji. Penseli nimeifunga kwa uzi pembeni yake.

Wenu,
Shabiki wa Twins, mtu wa Tanga